Chusa Hufunguliwa na Mwenyewe

Jumatatu asubuhi Rabson alimwambia Shamsa kwamba chusa alichochora ni kizuri sana, na kwamba hakifai.

"Kizuri kama keki ya harusi," alisema kwenye simu, akiwa ofisini kwao Dar es Salaam. "Lakini nani atakishika? Kimejaa miiba mpaka mpinini. Huyo mwindaji wako akikirusha mara moja tu, samaki anaondoka salama, vidole vinabaki."

Shamsa alikuwa amekalia kibao cha mbuzi ya kukunia nazi nyuma ya jiko, kompyuta mapajani, jasho likimtoka kwa joto na kwa aibu. Hii ilikuwa mara ya tatu mchoro wake kukataliwa. Kampuni ya Rabson ilikuwa ikitengeneza gemu ya watu wa kubuni waishio kwenye miamba katikati ya bahari, watu wanaowinda mikunga, samaki wafananao na nyoka, wakubwa kama nyumba. Kazi ya Shamsa ilikuwa kuwachorea silaha. Alipewa miezi mitatu ya majaribio, na miezi mitatu hiyo ilikuwa inaishia wiki ile.

"Niongeze nini, kaka?"

"Usiongeze. Punguza. Nikikitazama niamini kwamba kuna mtu alikitengeneza, na mwingine akakitumia mpaka kikachakaa. Kiwe cha uongo, sawa, ila uongo wenye akili. Nipe Ijumaa, saa sita mchana. Baada ya hapo, dada yangu, nafasi nitampa mwingine. Si kwa ubaya."

Na kweli haikuwa kwa ubaya. Rabson hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuuma Shamsa zaidi, maana mtu mbaya angalau unaweza kumlaani. Akiikosa kazi hii, angerudi kwenye steshenari ya Kilindoni, kurudufu vyeti vya watu na kuwapunguza pua wateja kwenye picha za pasipoti. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Tangu utotoni alichora kwenye kila kilichochoreka, pamoja na mlango wa choo, na hii ndiyo kazi ya kwanza iliyomlipa kwa hilo bila kumtaka aihame Mafia.

Akaifunga kompyuta, akaenda kiwandani kwa baba yake.

 

Kiwanda ni jina la heshima tu. Kilikuwa banda la makuti pembeni ya nyumba, lenye mivukuto, fuawe ya kufulia chuma na ndoo ya maji meusi. Mzee Muhidini alifua humo misumari ya vyombo vya baharini, bawaba na majembe. Kijiji chao kiko mwendo wa nusu saa kutoka Kiegeani, na hakukuwa na mlango pale usiobebwa na bawaba yake. Alinawa mikono, akaifuta kwenye shuka, akaitazama ile picha kwenye kompyuta akiwa ameinamisha shingo.

"Hiki nini?"

"Chusa, baba."

"Nani kakwambia?"

Shamsa akacheka kwa kulazimika. Mzee akaweka kidole karibu na kioo bila kukigusa.

"Huu mwiba wa huku nyuma, ukiinua mkono kurusha, unakukata sikio. Uzito wote umeuweka mkiani, kwa hiyo kitaruka kinyumenyume kama kaa. Na hili fuvu la nini?"

"Pambo."

"Pambo." Alilirudia neno hilo kama mtu aliyetafuna mchanga. "Hawa watu wako wanaishi wapi?"

"Mwambani, katikati ya bahari."

"Chuma wanakipata wapi?"

Shamsa akaitazama tena picha yake. Miezi mitatu alikuwa akiwachora watu wale, akawavisha na kuwapa majina, na hata siku moja hakujiuliza chuma wanakipata wapi.

"Labda kwenye merikebu zilizozama," akasema taratibu.

"Basi ni misumari. Merikebu iliyooza inakuachia misumari, na nanga kama una bahati. Chusa cha watu hao ni misumari iliyofuliwa pamoja. Na mti wake ni kasia, maana huko kwenye miamba mti mwingine hakuna." Mzee alikuwa amesahau kwamba ana bawaba motoni. "Na hawawezi kuwa na vingi. Mtu mwenye chusa kimoja hakichongi mafuvu, anakichunga."

"Nitengenezee, baba."

Hapo mzee akakumbuka bawaba. Akaigeukia kwa koleo, akaipindua mara mbili bila sababu.

"Unajua nimeapa."

Nani asiyejua? Cheti cha kiapo hicho kilikuwa sebuleni, ndani ya kioo, juu ya picha ya harusi yake. Miaka ishirini nyuma, hifadhi ya bahari ilipokusanya vyusa vijijini, Muhidini, aliyewafulia wawindaji wote wa kasa na nguva upande ule wa kisiwa, alipeleka vyake saba shuleni, akavilaza mkekani, akaweka mkono juu ya msahafu mbele ya watu: sitatia tena ncha chuma cha kuulia kiumbe wa baharini. Tangu siku hiyo alikuwa mjumbe wa kamati ya kijiji ya kulinda bahari, na neno lake lilisikilizwa.

"Hiki hakitaua kitu, baba. Mkunga mwenyewe hayupo."

"Na mwindaji?"

"Hayupo. Ni mwanamke, nimemchora tu."

"Na bahari?"

"Haipo."

"Na mshahara?"

"Huo upo, nikiupata."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mwanaharusi, mama yake Shamsa, alikuwa anapita na kapu la mwani kichwani, maji yakimchuruzika shingoni. Akasimama mlangoni.

"Na majirani nao hawapo?" akauliza, kisha akapita zake.

 

Kuhusu ncha mzee hakuahidi kitu, lakini Jumanne nzima nyundo ililia. Muhidini alichagua misumari mikuukuu kumi na sita, akaifua kwa pamoja ikawa kichwa kirefu, ila vichwa vya misumari akaviacha vionekane ubavuni kimojakimoja, kwa sababu, alisema, fundi asiye na chuma hapotezi moto kulainisha kisichohitaji kulainishwa. Mti ukawa kasia lililovunjika. Pale pa kushikia akazungusha kamba ya usumba wa nazi, akamwambia binti yake aikamate, aiachie, aikamate tena.

"Mkono wako umekwenda wapi wenyewe?"

"Hapa."

"Basi hapo ndipo patakapong'aa. Kwingine kote kuchore kutu."

Shamsa alichora mpaka vidole vikamuuma. Ndani ya siku moja alijifunza kuliko alivyojifunza kwa miezi mitatu ya video. Alijifunza kwamba uzito hukaa mbele na jicho la mtazamaji hulijua hilo hata kama mwenyewe hajawahi kushika chusa. Alijifunza kwamba kila alama kwenye silaha ni jibu la swali la mtu. Alimpenda baba yake siku ile kwa namna mpya, na aliona haya kwamba ilikuwa mpya.

Jumatano umeme ulikatika, ikabidi aende Kiegeani kuchaji kompyuta. Aliporudi karibu na alasiri, alikuta chusa kimekwisha, kimeegemezwa ukutani mwa banda, na baba yake amekwenda msikitini. Ncha ilikuwa imefungwa kitambaa kilicholowekwa mafuta ya nazi na kukazwa kwa uzi. Shamsa aliielewa desturi hiyo. Mhunzi hamkabidhi mtu chusa kilicho wazi, hukifunga, na hakifunguliwi ila na mwenyewe atakayekitumia, kwa bismillahi yake. Anayefungua chusa cha mwenzake amejitafutia ugomvi.

Moyo ukampasuka. Kitambaa cha nini kama hakuna ncha? Mzee amevunja kiapo chake kwa ajili yangu, alijiambia, akabaki amesimama mbele ya lile banda hajui acheke au alie. Hata picha hakupiga. Alitaka baba arudi kwanza, akishike mwenyewe.

Waliofika kabla ya baba ni Shamte na askari wa hifadhi.

 

Shamte alikuwa mwenyekiti wa kamati, na kwa bahati mbaya alikuwa pia jirani wa ukuta kwa ukuta. Askari alikuwa mwanamke, Clotilda, mtu wa bara aliyekwisha kaa kisiwani miaka minne na kujua kumwamkia mtu kabla ya kumkamata.

"Shikamoo mama," alimwambia Mwanaharusi. "Samahani kwa kuwasumbua."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Siku mbili nasikia nyundo," alisema Shamte. "Masikio yangu yanajua mlio wa bawaba. Ule haukuwa wa bawaba."

Clotilda akakiona chusa, akanyoosha mkono kwenye kile kitambaa. Shamte akamdaka kiganja.

"Usikifungue! Hufunguliwa na mwenyewe."

"Sasa nitaandikaje?"

"Andika hivyohivyo. Sisi tunajua kilichomo."

Muhidini akaingia uani, kofia mkononi. Akamtazama jirani yake, akamtazama askari, akakitazama chusa.

"Ni chako, mzee wangu?" Clotilda akauliza.

"Nimekitengeneza mimi."

"Uliapa, Muhidini," alisema Shamte.

"Niliapa."

"Na hiki?"

"Unakiona."

"Ni cha gemu!" Shamsa akapaza sauti. "Cha kompyuta, mzee Shamte. Nakichora tu!"

Shamte akamwangalia kwa huruma, kama mtu anayeambiwa na mtoto kwamba sukari imeliwa na paka. Clotilda akajaza karatasi yake juu ya goti na kuwaachia nakala: *Chusa kimoja, mtindo usiojulikana, kinaonekana cha kutumika, ncha imefungwa.* Kamati ingekutana kesho baada ya adhuhuri, shuleni. Wakaondoka nacho.

"Baba, kwa nini hukusema kitu?"

"Miaka ishirini nimesema," alijibu Muhidini. "Sasa waache waseme wao." Akaingia ndani. Alipopita sebuleni hakukitazama cheti chake.

 

Alhamisi kijiji kilikuwa kimeshajua kila kitu, hasa yale ambayo hayakutokea. Mwanaharusi alikwenda kwenye shamba la mwani maji yalipokupwa, na wenzake aliozoea kufunga nao kamba wakawa wako mbali kidogo, kila alipowasogelea wanasogea. Mmoja akaimba kwa sauti ya chini kwamba lisemwalo lipo. Shamsa alipokwenda dukani kununua chumvi, muuzaji alimpa chenji na kuuliza kwa utani, watu watano wakisikiliza:

"Kasa kilo mnauzaje kwenu?"

Watu wakacheka. Shamsa akachukua chumvi yake. Njiani alifanya hesabu moja tu, nayo ilikuwa fupi: kwa ajili ya mchoro, alikuwa amemvunjia baba yake jina. Akaamua. Atasimama mbele ya kamati, aseme kosa ni lake, wakivunje chusa, na jioni amwambie Rabson ampe nafasi huyo mwingine. Iliuma kuwaza hivyo, lakini aliwaza mpaka mwisho.

 

Darasa la tano lilijaa. Wazee walikalia madawati ya watoto, magoti yakiwafika kidevuni. Chusa kililazwa juu ya meza ya mwalimu, kitambaa chake nchani. Muhidini hakukaa upande wa wajumbe. Alikaa peke yake dawati la mbele, mgongo umenyooka.

"Hatutaki makubwa," alisema Shamte, na sauti yake haikuwa na furaha. Walikuwa wamekua pamoja. "Ndugu yetu akiri kwamba ameteleza, tukivunje hiki hapa hapa, yaishe. Binadamu huteleza."

"Sikuteleza," alisema Muhidini.

Minong'ono ikapita dawati hadi dawati. Shamsa akasimama.

"Wazee wangu, shikamooni. Kosa ni langu mimi. Baba alikataa, nikamlilia. Kivunjeni tu. Hiyo kazi naiacha."

"Kaa, mwanangu," alisema baba yake.

"Baba, naomba..."

"Kaa."

Nyuma ya darasa mtu akagonga dawati kwa fimbo. Alikuwa mzee Kombo, ambaye katika ujana wake hakuna aliyempiku kwa kurusha chusa, na katika uzee wake hakuna aliyempiku kwa kudakia maneno ya watu.

"Kabla hamjavunja mali ya watu," alisema, "mimi nina swali. Chusa kimefungwa. Mwenyewe nani?"

Watu wakatazamana. Kwa siku mbili walikuwa wamezungumza habari ya fundi, na hakuna aliyemuulizia mwenyewe.

"Muhidini, umemtengenezea nani?"

"Binti yangu. Ndiye aliyekiagiza, ndiye mwenyewe."

"Basi afungue! Tangu lini tunavunja kilichofungwa? Njoo, binti."

Shamsa akamtazama baba yake. Alitaka kumwambia kwa macho kwamba hataki, kwamba hawezi yeye kuwa mkono utakaomvua nguo mbele ya kijiji. Mzee akatikisa kichwa kidogo kumwambia aende. Akaenda mezani. Akasema bismillahi. Uzi ulikuwa umekazwa kwa mafundo matatu, na fundo la pili likamshinda hata Clotilda akataka kumsaidia, kisha akakumbuka, akaurudisha mkono wake.

Kitambaa kikaanguka.

Chini yake hakukuwa na ncha. Kile kichwa kirefu cha misumari kumi na sita kilikwenda kikichongoka vizuri, kikichongoka zaidi, halafu mwishoni kikaishia butu, mviringo, kama kidole gumba cha mtu. Hata papai bivu lisingetoboka.

Waliokaa nyuma wakasimama waone. Kisha Kombo akaangua kicheko kilichowazoa wote.

"Lo! Muhidini! Umefunga kitambaa juu ya nini?"

"Mazoea ya mkono," alisema Muhidini. Kwa mara ya kwanza tangu jana uso wake ulilegea. "Nilipomaliza, mkono wenyewe ukachukua kitambaa. Nilishafunga ndipo nikajicheka." Akamgeukia Shamte. "Niliapa sitatia ncha. Hukuniuliza kama nimetia. Ulisema unajua kilichomo."

Shamte akainuka, akaligusa lile dole la chuma, akalisugua kwa kiganja. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimekukosea, ndugu yangu. Na mbele za watu nimekukosea, basi mbele za watu naomba radhi."

"Yameisha."

Shamsa alikuwa analia waziwazi, wala hakujificha. Alilia kwa furaha, na kwa aibu pia, maana na yeye aliamini yaliyoaminiwa na Shamte.

"Hebu nikishike," Kombo akasema.

Akakichukua. Na hapo likatokea jambo ambalo Shamsa angelikumbuka maisha yake yote ya kazi. Mgongo wa mzee Kombo, uliopinda miaka, ulijinyoosha kiasi. Mguu wa kushoto ukaenda mbele wenyewe, kisigino cha kulia kikainuka, mkono ukateleza juu ya usumba na kusimama palepale ulipotakiwa kusimama. Jicho lake likatafuta kitu sakafuni, mita kumi mbele, na watu wa upande ule wakajikuta wamepisha.

"Kizito," alisema kwa sauti ya mtu mwingine. "Hiki si cha kasa. Mnyama wa hiki ni mkubwa, sijawahi kumwona. Na aliyekishika kabla yangu ni mtu wa mkono mpana." Kisha akakitua, akawa Kombo tena. "Nikikirusha hiki nazama nacho, mniandalie sanda."

"Dada Clotilda!" Shamsa akapiga kelele. "Ulipiga picha?"

Clotilda alikuwa na simu mkononi, akikusanya ushahidi wake.

"Nimepiga kumi na mbili. Unazitaka?"

 

Ijumaa, saa sita kasorobo, Shamsa alituma michoro minne. Mwindaji wake sasa alikuwa mwanamke mzee kidogo, mguu wa kushoto mbele. Chusa kilikuwa na kutu kote ila mahali pamoja. Pamoja na michoro alituma nakala ya ile karatasi ya hifadhi, bila maelezo.

Rabson alipiga simu saa sita na dakika kumi.

"Dada, hii hati ni ya kweli? Askari alikikamata?"

"Kweli."

"Akaandika kinaonekana cha kutumika?"

"Ndiyo, kaka."

Rabson akacheka kwa pua. "Mimi sina la kuongeza juu ya askari. Jumatatu nakutumia mkataba wa mwaka. Usome kwanza kabla ya kusaini."

Clotilda alikirudisha chusa wiki iliyofuata, na kwenye hati yake alikuwa amelifuta neno *chusa* na kuandika *zana ya mchoro*. Siku hiyohiyo mke wa Shamte alimletea Mwanaharusi sahani ya vitumbua, na kwenye mwani kamba zikafungwa pamoja kama zamani. Muuza duka hakuomba radhi, ila siku moja alizidisha chumvi.

Miezi minane baadaye kampuni ilitoa kipande cha kwanza cha gemu. Shamsa alimwita baba yake kutoka bandani. Muhidini aliitazama kompyuta akiwa amesimama, koleo bado mkononi, na Mwanaharusi akitazama begani kwake. Kwenye kioo bahari isiyokuwapo ikainuka, mkunga asiyekuwapo akachomoza, na mwanamke mwambani akasogeza mguu wa kushoto mbele.

Mzee akakitazama mpaka mwisho. Akataka kirudiwe. Kikarudiwa.

"Kamba iliyofungwa chusa wameiweka kulia kwake," alisema. "Akirusha, itamzoa mguu, aende nayo majini. Mwambie huyo Rabson."

Shamsa akaandika. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa: watairekebisha, na tena wanamshukuru mzee, na wanauliza jina lake kamili, walitie mwishoni pamoja na majina ya mafundi wote.

Muhidini alifikiri. Akaitazama sebule, cheti chake ukutani, na chusa kilichotundikwa chini yake, kimefungwa tena kitambaa.

"Waambie waandike Muhidini, mhunzi," alisema. "Na chini yake waandike: hakina ncha."